Kibali Hakihitajiki: Tuitembee Montana

Hotuba kwa mkutano wa jamii yetu ya wasemaji wa Kiswahili, Missoula, mwanzoni mwa Juni

Wazee wangu, akina papa na akina mama, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: hamjambo?

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya mahali pa kutembelea katika jimbo letu la milima. Amenichagua mimi kwa sababu ni dereva wa lori, na watu hudhani dereva wa lori ameona kila kitu. Jamani, dereva wa lori ameona mizani na vituo vya mafuta. Haya nitakayowaambia niliyaona siku za mapumziko, kwa gari dogo, mama watoto akinung'unikia bei ya petroli.

Naanza na swali. Familia zetu zimekuwa zikiletwa Missoula tangu 2016, na wapo humu waliokwisha kuwa wenyeji kabisa. Waliokwisha kufika ziwa Flathead wanyooshe mikono. Naona mikono michache. Waliofika hifadhi ya Glacier? Michache zaidi. Waliofika duka la Walmart? (Kicheko.) Basi, mnaona kazi iliyo mbele yangu.

Sababu nadhani naijua, na si uvivu, wala si fedha peke yake. Mimi ni mtoto wa Uvira, Kongo, lakini kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ndiyo iliyonilea. Wengine mmetoka Nakivale, wengine Kyangwali, kambi za Uganda. Tuliokuwa Tanzania tunakumbuka habari ya kibali: kutoka nje ya kambi bila karatasi ni kosa, hata kama ulifuata kuni. Mtu akiishi hivyo miaka kumi na tano, ule mpaka wa kambi unamwingia mwilini. Analetwa kwenye jimbo lenye ukubwa wa karibu theluthi mbili ya Kenya, kilomita za mraba 380,000, watu wake milioni moja na kidogo tu, naye anajichorea kambi nyingine humo humo: nyumbani, kazini, kanisani, dukani. Watu wanavuka bahari kuja kuiona milima hii, na sisi tunaiona kupitia dirisha la basi. Hapa hakuna mlinda lango anayekuuliza kibali. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni maelekezo ya njia.

Tuanze hapa mjini, maana safari ya kwanza haihitaji hata petroli. Ile herufi M nyeupe kwenye mlima Sentinel mnaiona kila siku. Njia yake inapanda kwa zigizaga, fupi lakini kali, na mzee mwenye magoti mabovu apande polepole na kupumzika. Nendeni jioni. Mkifika kwenye M, tazameni mlima Jumbo ng'ambo ya mto wakati jua liko chini. Mtaona mistari mlalo imepita ubavuni mwake, mmoja juu ya mwingine. Hizo ni fukwe. Zama za barafu, ulimi wa barafu uliuziba mto Clark Fork kule karibu na Idaho, maji yakarudi nyuma mpaka bonde hili lote likawa ziwa. Hapa tulipoketi kina kilizidi mita 250. Ukuta wa barafu ulipovunjika, ziwa zima lilimwagika kuelekea Pasifiki kwa muda wa siku chache, na likapasua nchi ya jimbo la Washington kwa namna inayoonekana mpaka leo. Kisha barafu ikaziba tena, ziwa likajaa tena, likamwagika tena, mara nyingi mno.

Pili, Fort Missoula, kambi ya zamani ya jeshi upande wa kusini-magharibi mwa mji. Vijana, hapa nawaomba msikilize, kwa sababu mnaniambia kwamba Montana haina historia ya mtu mweusi. Mwaka 1897, tarehe 14 Juni, askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha Miguu waliondoka hapo kwa baiskeli. Walikwenda mpaka St. Louis, Missouri, zaidi ya kilomita 3,000, wakiongozwa na luteni mzungu aliyeitwa James Moss. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli ingeweza kuchukua nafasi ya farasi. Walibeba mahema, chakula na bunduki. Mvua iligeuza barabara kuwa tope, ikabidi wapande juu ya reli, wakigongwa-gongwa na mataruma. Huko mbele wakanywa maji mabaya wakaugua. Walifika baada ya siku 41. Jeshi likasema ahsante, likawarudisha Missoula kwa treni, na habari ya baiskeli ikaishia hapo.

Mmoja wao aliitwa Mingo Sanders, sajenti. Mwaka 1906 kikosi chao kilikuwa Brownsville, Texas, kukatokea risasi usiku mjini, na bila kesi yoyote Rais Theodore Roosevelt akawafukuza askari 167, Sanders akiwamo, akiwa amekaribia kupata pensheni baada ya utumishi wa miaka mingi. Serikali ilikuja kuwasafisha mwaka 1972, wakati karibu wote walikwisha kufa. Nendeni kwenye jumba la makumbusho la Fort Missoula. Hapo hapo mtaona pia mahali walipofungwa Waitaliano na Wajapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu waliozuiliwa kwa sababu ya walikotoka. Sihitaji kuwafafanulia ninyi maana yake.

Lolo nayo iko mwendo wa robo saa tu. Pale Travelers' Rest ndipo msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali kutafuta njia ya kufika Pasifiki, ulipopiga kambi mwaka 1805 na tena 1806. Wataalamu walithibitisha mahali penyewe kwa kupata zebaki kwenye udongo wa choo, kwa sababu wasafiri wale walikuwa wakimeza vidonge vya tumbo vilivyotiwa zebaki. (Kicheko.) Ndiyo, historia nyingine huhifadhiwa chooni. Katika msafara ule alikuwamo mtu mweusi, York, mtumwa wa Clark. Alitembea kila hatua waliyotembea wao, akavuka milima ile ile. Waliporudi wenzake walipewa fedha na ardhi. York hakupewa hata uhuru wake.

Sasa nakwenda Butte, na hapa nitakaa kidogo. Najua mtu akisema "utalii" hakuna anayewaza Butte. Vitabu vya wageni vinawapeleka watu Glacier kwanza. Mimi nasema hivi: kama umetoka Katanga, au baba yako alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya Kongo, au ulizaliwa wakati jimbo lile likiitwa Shaba, basi nenda Butte kwanza. Glacier itakungoja.

Butte ni mji wa shaba. Ukiingia kwa barabara ya I-90 kutoka huku, mwendo wa saa mbili hivi, utaona minara myeusi ya chuma imesimama katikati ya nyumba za watu. Hiyo ni minara ya kuteremshia wachimbaji shimoni. Chini ya mji kuna njia zilizochimbwa kwa maelfu ya kilomita. Watu walitoka Ireland, Cornwall, Finland, Serbia, Italia, China, wakaja kutafuta riziki chini ya kilima ambacho wenye kampuni walikiita kilima tajiri kuliko vyote duniani. Njiani mtapita karibu na mji wa Anaconda, wenye bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, urefu wake mita 178. Watu wa Lubumbashi, mnaolijua bomba la kwenu, mkiliona hili mtanyamaza wenyewe. Mzee mmoja wa kwetu nilimpeleka, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hili ni ndugu yake na lile letu, ila hili limenenepa."

Tarehe 8 Juni 1917, Marekani ikiwa imeingia vitani na shaba ikihitajika usiku na mchana, mafundi walikuwa wakiteremsha waya mzito wa umeme kwenye mgodi wa Granite Mountain. Waya ukawachoropoka, ganda lake likachanika. Msimamizi mmoja alipokwenda kuukagua, taa yake ya moto wazi ikagusa ganda lile lililolowa mafuta. Moshi na gesi vikaingia mpaka mgodi wa jirani wa Speculator. Walikufa wanaume 168. Ndiyo ajali mbaya kuliko zote katika migodi ya mawe ya Marekani. Kijana mmoja, Manus Duggan, aliwakusanya wenzake gizani, wakajenga ukuta kwa mbao, udongo na nguo walizovua miilini ili gesi isiwafikie. Watu 25 walitoka hai. Yeye hakutoka. Alimwandikia mkewe barua humo gizani, na mkewe alikuwa mjamzito. Pale juu kuna mahali pa kumbukumbu penye habari hizi zote, na bendera za nchi walikotoka wale waliokufa. Simameni hapo, msome. Anayejua kusoma Kiingereza awasomee wazee.

Kisha teremkeni kwenye shimo la Berkeley. Lilifunguliwa 1955, kampuni ilipoona kuchimba kwa wazi ni rahisi kuliko kuteremsha watu. Shimo likakua, likaimeza mitaa ya watu, ule mtaa wa Waitaliano wa Meaderville ukatoweka wote na makanisa na baa zake. Mwaka 1982 uchimbaji ukasimama pale, pampu zikazimwa, maji yakaanza kupanda ndani. Si maji ya kunywa hayo: ni tindikali iliyojaa shaba, chuma na aseniki. Mwaka 1995 bata bukini weupe walitua humo wakati wa dhoruba, wakafa 342. Mwaka 2016 walikufa maelfu. Siku hizi kuna watu wenye kazi ya kuwafukuza ndege kwa kelele, na tangu 2019 maji yanapampwa na kusafishwa ili yale machafu yasifike kwenye kijito cha mji. Kuna jukwaa la kutazamia, unalipa kidogo na kupita kwenye handaki. Mimi kila nikisimama pale nawaza Kolwezi na Likasi, miji ya migodi kule Katanga. Kampuni ilipoondoka Butte, ililazimishwa na sheria ilipie usafi, na mpaka leo inalipa. Wanasheria wetu wa kesho, wale watoto wanaocheza huko nje, napenda walione shimo lile wakiwa wadogo.

Na Wakatoliki wangu msiondoke Butte bila kuinua macho. Juu kabisa ya ukingo wa mashariki amesimama Bikira Maria mweupe, sanamu ya mita 27. Mwanzo wake ni nadhiri ya mkazi mmoja wa Butte ambaye mkewe alikuwa na saratani. Migodi ikafungwa, mji ukajaa watu wasio na kazi, na wao ndio waliochomelea vyuma na kulima barabara ya mlimani, bila mshahara. Helikopta ya jeshi ilikiweka kipande cha mwisho, kichwa, Desemba 1985. Wakati wa kiangazi kuna basi la kupandisha watu. Mkishuka mle pasti, sambusa kubwa ya nyama na viazi waliyokuja nayo watu wa Cornwall, ya kushika mkononi shimoni. Pilipili mje nayo wenyewe.

Kusini, kupitia bonde la Bitterroot, kuna Big Hole. Ni safari ya saa mbili na zaidi, na si safari ya furaha. Mwaka 1877 Wanez Perce, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, walitakiwa wahame ardhi yao na kubanwa kwenye eneo dogo kule Idaho. Vita vikazuka, wakaamua kukimbia: watu wapatao 750, wazee, akina mama, watoto, na farasi wao. Walipita bonde hili la Bitterroot kwa amani, wakanunua vyakula kwa walowezi wa Stevensville na kulipa. Wakafika Big Hole wakadhani vita wameviacha nyuma. Alfajiri ya tarehe 9 Agosti jeshi likawashambulia wamelala. Walikufa kati ya watu 60 na 90, wengi wakiwa wanawake na watoto. Walionusurika wakazika haraka, wakaendelea kukimbia kuelekea Kanada. Oktoba walishikwa kwenye milima ya Bear Paw, wakiwa wamekwenda kilomita 1,900 hivi. Mpaka wa Kanada ulikuwa umebaki kilomita 64.

Leo kwenye uwanja ule zimesimama nguzo za mahema yao, bila turubai, pale pale yalipokuwa. Nyasi, mto, kimya. Nimewahi kwenda na watu waliovuka mto Ruzizi usiku mwaka 1996 wakikimbia vita. Sikuwaeleza kitu. Sitawashurutisha kwenda, na watoto wadogo waacheni. Lakini anayetaka kuijua nchi hii aliyoletwa, asiishie kwenye maua yake.

Njia ya kaskazini ni nyepesi zaidi. Saa moja kutoka hapa kuna mbuga ya baisani, yaani nyati wa Marekani, pale Moiese, ndani ya ardhi ya makabila ya Wasalish na Wakootenai. Serikali iliichukua ardhi hiyo mwaka 1908 bila ridhaa yao, ikaweka uzio. Desemba 2020 Bunge lilipitisha sheria ya kuwarudishia, na sasa wanaiendesha wenyewe. Mnazunguka ndani ya gari, mnaona baisani, swala, kulungu, na pengine dubu kwa mbali. Mbele kidogo ni ziwa Flathead. Wanajisifu kwamba ni ziwa kubwa kuliko yote ya asili ya maji baridi nchini Marekani upande wa magharibi wa mto Mississippi, ukitoa Alaska. Sisi wa Tanganyika tutabasamu kwa adabu, tusiwaambie kitu. (Kicheko.) Julai kuna cheri za kuuzwa kando ya barabara. Wavuvi, leseni ni lazima, na nusu ya kusini ya ziwa ni ya makabila hayo, ina kibali chake. Ndiyo, najua nimesema hakuna kibali. Samaki ni habari nyingine.

Glacier sasa. Barabara ya Going-to-the-Sun ina kilomita 80, ilikamilika 1932, imechongwa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye kipito cha Logan, zaidi ya mita 2,000 juu. Ukuta huku, bonde kule. Waliowahi kupanda Ngomo kwenda Bukavu hawatashtuka, tofauti ni kwamba hapa lami ipo na malori hayaruhusiwi. Kwa kawaida theluji haiondolewi yote mpaka mwisho wa Juni au Julai, kwa hiyo msiende wiki ijayo mkarudi mkinilaumu. Ndani ya hifadhi kuna kilele kimoja ambacho mvua yake hugawanyika mara tatu: mengine Pasifiki, mengine Ghuba ya Mexico, mengine Ghuba ya Hudson. Na ile mito ya barafu iliyoipa hifadhi jina inakwisha. Mwaka 2015 wapimaji walihesabu 26 tu yenye ukubwa wa kustahili kuitwa hivyo, kutoka mingi zaidi sana katikati ya karne ya 19. Ruwenzori inakwenda njia hiyo hiyo. Wapelekeni watoto mapema.

Yellowstone nitaipita haraka, kila mtu anaijua: moto chini, maji yanaruka juu, magari mengi mno. Sehemu kubwa iko Wyoming, ila milango mitatu kati ya mitano iko kwetu. Ukienda, pitia ziwa Earthquake. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1959 mlima uliporomoka kwa tetemeko na kuziba mto Madison, watu 28 wakafa, wengi wakiwa wamepiga kambi. Miti iliyokufa bado imesimama majini. Watu wa Goma mtaelewa ardhi ya namna hiyo.

Sasa fedha, maana nawaona akina papa wanapiga hesabu. Ukisajili gari Montana kuna ada ndogo ya mbuga za jimbo. Kama hukuikataa, unaingia mbuga zote za jimbo bila kulipa kiingilio. Hifadhi za taifa zina pasi ya mwaka ya dola 80 kwa wakazi wa Marekani, inaingiza gari zima. Mwenye mtoto wa darasa la nne asinunue: mtoto huyo ana haki ya pasi ya bure, na anaingiza familia yote iliyo ndani ya gari. Taratibu za Glacier hubadilika mwaka hadi mwaka, tazameni tovuti yao kabla ya kuondoka. Jazeni tangi, simu zitakosa mtandao. Jioni kulungu wanarukia barabarani.

Dubu: kila kundi libebe kopo la kupulizia pilipili, la kumfukuzia dubu, na libebwe kiunoni, si ndani ya begi. Pigeni kelele mkitembea. Kwa kwaya yetu hilo si tatizo. Kaeni mbali naye mita 90 au zaidi. Baisani anaonekana mpole, na kila mwaka anarusha watu hewani kwa sababu wanataka picha. Ninyi mnaomjua kiboko, mpeni heshima ile ile.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni, "Je, huko vijijini hawatatutazama?" Mama, watatutazama. Watu weusi katika jimbo hili hatufiki hata asilimia moja. Mara nyingi atakayekutazama ataishia kukuuliza umetoka wapi, halafu atakueleza habari za samaki wake kwa nusu saa. Akitokea mwenye maneno mabaya, ingieni garini, ondokeni, tuambieni. Ndiyo maana nasema twende kwa makundi mwanzoni.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo tunaanza na Butte. Karatasi ya majina iko mezani, karibu na birika la chai. Andikeni na umri wa watoto, kwa sababu viti vya watoto ndivyo vinavyotukwamisha, siyo magari. Kila familia ije na maji na chakula chake. Mama watoto amekubali kupika wali wa wote, lakini mboga hajaahidi. Wenye maswali kuhusu dubu wanifuate nje, Mwenyekiti ananionyesha saa.